Kijisanduku cha Neno Moja

Naanza kwa hasira, kwa sababu hasira ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho Ofisi Kuu haijakigonga muhuri. Nimeagizwa nianze kwa shukrani. Katika mji huu taarifa zote huanza kwa shukrani: tunaishukuru Ofisi Kuu kwa kutujali, tunaishukuru kwa kututahadharisha, tunaishukuru kwa hewa tunayovuta kupitia vitambaa ilivyotugawia. Mimi sishukuru. Kama karatasi hii itachomwa kwa ajili ya sentensi hiyo, basi ichomwe ikiwa imeshasema.

Mimi ni mpima masikio. Jina langu Sikudhani, ingawa kwenye koti langu jeupe pametariziwa Kolimba, na sababu yake nitaieleza. Kazi yangu hufanyika katika vyumba viwili vinavyotenganishwa na kioo. Kimoja ni kibanda chenye kuta nene zilizojazwa sufi, na ukifunga mlango wake hata radi haiingii. Humo huketi anayepimwa, hedifoni masikioni, kitufe mkononi. Chumba cha pili ni changu na mashine, yenye maikrofoni na spika ya kuongea na aliye ndani. Natuma mlio, kisha mdogo kuliko ule, kisha mdogo zaidi, na kila anaposikia anabonyeza, na kwangu kunawaka taa ndogo ya kijani. Sikio la kulia nalichora kwa miduara myekundu, la kushoto kwa misalaba ya buluu. Tukimaliza, mtu mzima na kelele zake zote za maisha amekuwa mistari miwili juu ya karatasi.

"Hata ukidhani umesikia, bonyeza." Hayo yalikuwa maneno ya Kolimba, mwenzangu, aliyenifundisha kazi. Alimwambia kila mgonjwa, tajiri kwa maskini, tena kwa upole, kana kwamba anamruhusu jambo kubwa. Niliyasikia mara nyingi hadi yakaacha kuwa maneno. Sasa nayasikia nikiwa nakunywa maji.

Kibandani hakuna saa ya ukutani. Saa hulia, na mlio wake unaharibu kipimo. Kwa hiyo humo ndani wakati haukuwahi kuwapo, na sisi wawili tulilizoea hilo, tukiingia na kutoka kwenye ule usiowakati kama mtu anayeingia stoo kuchukua ufagio. Ugonjwa ulipokuja, usiowakati ule ulitoka kibandani ukaenea mjini. Ofisi Kuu ilikusanya kalenda zote. Leo iliitwa Siku ya Tahadhari. Kesho ikaitwa Siku ya Tahadhari. Mtoto akizaliwa leo, mama yake hawezi kumwambia alizaliwa lini, na mtu akifa hakuna arobaini, maana nani atahesabu? Ukumbi wa hospitali nao ukaanza kurefuka. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa natembea hatua ishirini kutoka langoni hadi mlangoni kwangu. Zikawa sitini, zikawa mia mbili, na ukutani kote limebandikwa bango lilelile: ASIYESIKIA LA MKUU HUVUNJIKA GUU.

Kisha likaja agizo la kufunika midomo. Silikatai agizo. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, nimeuona ukimnyanyua mtu na kumtupa. Ninachouliza ni hiki: wakati wanaandika agizo, nani aliwakumbuka wasiosikia? Kiziwi husikia kwa macho, anachota maneno mdomoni mwako kabla hayajamwagika. Mkamfungia kisima, halafu mkamwandikia barua ya kumtakia afya njema! Bibi mmoja aliketi mbele yangu akakikazia macho kitambaa changu, akingoja kisogee. Hakikusogea. Akalia bila sauti, na mimi, kwa maumivu na usingizi na njaa na sijui nini tena, nilimfokea kwamba hasikii. Nilimfokea kiziwi kwamba hasikii! Nimesema hasira yangu ni kwa Ofisi Kuu, lakini kipande chake kimoja ni changu mwenyewe, na hicho ndicho hakilali.

Kolimba hakuwahi kumfokea mtu. Yeye alishusha barakoa. Aliingia kibandani, akachuchumaa mbele ya mgonjwa ili nyuso zilingane, akashusha kitambaa hadi kidevuni na kusema polepole, kwa midomo mikubwa: hata ukidhani umesikia, bonyeza. Nikamwambia, "Kaka, unajiua." Akanijibu, "Sasa nimpime mtu ambaye sijamwambia nampima nini?" Aliujua ugonjwa. Alijua pia kwamba viziwi waliokuwa wakiletwa kwetu walikuwa wazima wa mwili, na wangeathirika zaidi kwa kutoelewa kuliko yeye kwa kueleweka. Alipiga hesabu yake. Hakujua kwamba kuna mtu mwingine aliyeipiga tofauti, juu kule, kwa ajili ya kuokoa karatasi.

Hapa ndipo penye kiini, na naomba usikie vizuri, wewe unayesoma.

Kusikia. Tazama lilivyo pana neno hili letu. Tunasikia mlio, lakini tunasikia pia njaa, baridi, uchungu na usingizi. Mtu akipika pilau nyumba ya tatu, tunasikia harufu. Wahenga walimpa pua kunusa, lakini kitenzi cha kupata harufu hawakumpa. Walimwambia aazime kwa sikio, wakaishi hivyo kwa amani, kwa sababu baada ya kitenzi kuna neno la pili linaloeleza. Lugha yetu ilitutegemea tumalize kusema. Lakini Ofisi Kuu ilipunguza vyeti vya wagonjwa. Pale palipokuwa na mistari mitano ya kueleza maradhi, pakachorwa kijisanduku kimoja, kidogo, cha neno moja.

Karani wa dirishani ni Staamili, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu walikuja dirishani kwake. Na moja ya dalili za ugonjwa, wakati ule haijatangazwa bado, ilikuwa kwamba pua hufa.

"Dada, tangu juzi sisikii harufu."

"Hebu nikuandike, mama. Hasikii..." Na kijisanduku kikajaa.

Hasikii. Anayeandikwa hasikii hupelekwa wapi? Chumba cha masikio, mwisho wa ukumbi, mlango wa kijani. Wakaja kwetu, mmoja baada ya mwingine, na Kolimba akachuchumaa mbele yao, akashusha barakoa, akavuta pumzi zao.

Namkumbuka mpishi mmoja wa hotelini. Alisema, "Daktari, mchuzi umeungua mbele yangu, sikusikia kitu."

Kolimba akamuuliza, kwa midomo mikubwa, "Hukusikia nini? Sufuria ikilia?"

"Aa, mchuzi."

"Mchuzi ulikuwa unalia?"

Wakacheka wote wawili, uso kwa uso, ndani ya kibanda kisichopitisha hewa. Nilicheka nami, nyuma ya kioo. Kipimo kilipokwisha, miduara na misalaba ilikuwa juu kabisa ya karatasi, masikio ya mtoto mchanga. Ndipo Kolimba aliponiangalia, akasema, "Sikudhani, huyu mtu haumwi masikio." Tukaviangalia vyeti vyote vya siku zile, na kila kimoja kilisema neno lilelile kwa mwandiko uleule wa Staamili.

Kolimba aliandika barua kwenda Ofisi Kuu. Aliandika kwa adabu, akaomba kijisanduku kiongezwe neno moja tu, ili anayekosa harufu asichanganywe na anayekosa sauti. Jibu lilikuja likiwa na muhuri wa dhahabu: *Barua yako imesikika.* Basi. Imesikika! Staamili aliisoma akatikisa kichwa akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa, kaka yangu." Wakati huo Kolimba alishaanza kukohoa.

Alipokufa walichoma vitu vyake, ila koti lilikuwa kwa dobi. Langu lilishachakaa, nikapewa lake. Tangu hapo wanaopita ukumbini wananisalimu, "Habari za kazi, Kolimba?" Mwanzoni niliwasahihisha. Baadaye niliitika. Kuna siku nilijiangalia kwenye kioo cha kibanda nikaona koti, nikaona jina, na nikamsubiri mwenye koti aseme.

Ndipo ulipoanza mlio kichwani mwangu. Mwembamba, wa juu, kama redio iliyokosa stesheni. Nilidhani ni mashine, nikaizima, ukaendelea. Nikaingia kibandani, nikajifungia, nikavaa hedifoni, nikakaa na kitufe mkononi nikibonyeza na kubonyeza, na upande wa pili hakukuwa na mtu wa kuiona taa. Najiuliza swali hili kila Siku ya Tahadhari: anayewasikiliza wengine, nani anamsikiliza? Na asiposikilizwa, huwa anaendelea kuwa mtu, au anakuwa kifaa kama vifaa vingine, cha kufutwa kwa spiriti na kurudishwa kwenye kasha? Silali. Chakula nakitafuna kama kadibodi. Nikisikia nyayo ukumbini moyo unaniruka.

Nyayo za leo zilikuwa za viatu vipya.

"Hodi! Mimi ni Bwana Mbonea, Afisa Ustawi wa Nyoyo." Mtu mnene, wa miaka hamsini na kitu, barakoa yake imeshonwa nembo ya Ofisi Kuu. Alichota spiriti mezani akajipaka viganja hadi viwiko. "Wewe ndiye Kolimba?"

"Kolimba amekufa."

"Aa, kweli, pole sana. Ndilo lililonileta." Alitoa karatasi. "Ofisi Kuu imesikia kwamba watumishi wa masikio wana msongo. Imeguswa. Imetunga fomu."

Fomu ilikuwa na swali moja: *Unajisikiaje?* Chini yake kijisanduku cha neno moja, na ndani ya kijisanduku neno lilikuwa limeshapigwa chapa: VIZURI. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, niliona mstari mwingine. *Nathibitisha kwamba mwenzangu alifariki kwa maradhi ya moyo yasiyohusiana na kazi, na kwamba vyeti vya hospitali havina kasoro.*

"Wewe weka sahihi tu, dada yangu. Tumekurahisishia."

"Na nisipoweka?"

"Chumba kinafungwa. Hatuwezi kuacha mtumishi asiyejisikia vizuri apime watu, si ndiyo? Utaenda kupumzika nyumbani. Wale pale kwenye benchi nao watapumzika."

Nilichungulia. Bibi niliyemfokea alikuwa amerudi, ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. Huyo ndiye niliyewekwa naye kwenye mizani. Nikiweka sahihi, bibi atapimwa, Kolimba atakuwa amekufa kwa moyo wake mwenyewe, na dirishani kwa Staamili kijisanduku kitaendelea kuleta pumzi za wagonjwa usoni kwa wazima. Nisipoweka, mlango wa kijani unafungwa, na bibi atarudi kwenye ukimya wake. Na fomu inaniuliza ninajisikiaje! Kujisikia maana yake nini, kama si mtu kuwa sikio lake mwenyewe? Nikatamani kumshindilia ile karatasi kinywani.

Badala yake nilisema, "Bwana Mbonea, katika chumba hiki hatuandiki lolote juu ya mtu kabla ya kipimo. Ingia nikupime wewe kwanza, uone tunafanya kazi gani. Kisha tutaongea habari za sahihi."

Alifurahi. Wakubwa hupenda kupimwa pale wanapojua watafaulu. Nilikaza barakoa yangu, nikamvisha hedifoni, nikampa kitufe, nikamwambia maneno ya Kolimba neno kwa neno, nikafunga mlango. Kupitia kioo nilimwona akishusha barakoa yake hadi kidevuni, maana kibandani kuna joto.

Nikatuma mlio. Taa. Nikaupunguza. Taa. Nikaupunguza hadi pale ambapo wengi huachwa, na bado taa ya kijani ikawaka. Masikio mazuri sana. Masikio ambayo hayakuwahi kukaa karibu na kilio cha mtu.

Kisha nikavuta maikrofoni.

"Kolimba hakufa kwa moyo."

Taa haikuwaka.

Nikaongeza sauti. "Alikufa kwa sababu mlikata neno. Aliwaandikia, mkamjibu imesikika."

Giza. Bwana Mbonea alikuwa ananiangalia kwa utulivu, kidole juu ya kitufe.

Nikaongeza hadi mahali ambapo meza ilitikisika. "Silali! Nawafokea wagonjwa! Kichwani mwangu kuna mlio usiozimika, na mmeniletea karatasi iliyoandikwa vizuri! Unanisikia?"

"Nakusikia, mbona unapiga kelele?" alisema.

"Basi kwa nini hubonyezi?"

"Nabonyeza nikisikia mlio. Hayo ni maneno."

Nilisimama, nikaufungua mlango wa kibanda, nikamvua hedifoni kwa sababu kipimo kimekwisha na utaratibu ni utaratibu, hata mbele ya mtu unayetaka kumzaba kofi. Nilirudi mezani, nikaloweka pamba kwenye spiriti, nikaanza kuzifuta hedifoni. Nikasimama. Nikamimina tena, nyingi zaidi, ikanidondokea vidoleni ikapoa. Nikaisogeza pamba hadi puani, juu ya kitambaa. Kisha chini ya kitambaa.

Hakuna.

Nikakumbuka chai ya asubuhi, tangawizi niliyoiponda kwa mkono wangu, nikainywa kama maji ya moto na kusema ni uchovu. Nikakumbuka chakula cha kadibodi, nilichosema ni huzuni. Niliweka pamba mezani. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Bwana Mbonea," nikamwambia, "usitoke hapo. Pandisha barakoa yako. Sisikii."

Alinitazama, kisha akaangua kicheko, tumbo likitikisika, akiwa bado kwenye kiti na kitufe mkononi. "Mpima masikio hasikii! Na mimi nakusikia unavyonijibu? Dada, msongo huo." Alikuwa mtu wa karatasi, na mtu wa karatasi hutembea nazo. Alichomoa mfukoni cheti kitupu, akakiweka juu ya goti, akaandika neno moja. Akaninyooshea. "Haya, tufuate utaratibu wako. Nenda ukapimwe."

Nilikichukua kwa ncha za vidole. Hasikii. Mwandiko mzuri, wa duara, umekijaza kijisanduku pembe hadi pembe.

"Nikapimwe wapi, Bwana Afisa?"

"Si chumba cha..." Akakiangalia kibanda. Akaiangalia mashine. Akauangalia mlango wa kijani. Bado hakuelewa, alitabasamu akidhani ni mzaha wa siku.

Nikachukua kalamu, na nje ya kijisanduku, kwenye ukingo ambao tumekatazwa kuugusa, nikaandika neno la pili. Harufu. Nikakibandika cheti kwenye kioo, maandishi yakimwelekea.

Alisoma. Niliona macho yake yakitembea kutoka neno la kwanza hadi la pili, safari fupi kuliko zote mjini, ambayo Kolimba alikufa akiiombea. Uso ukamlegea. Mkono ukajikaza wenyewe juu ya kitufe.

Taa ya kijani ikawaka.

Haikuzimika. Alikuwa amekikamata kitufe kama mtu anayeshikilia ukuta wa kisima. Amesikia! Baada ya yote, si kifo cha mtu alichokisikia, wala barua, wala kilio changu kilichotikisa meza. Alisikia hofu ya pua yake mwenyewe. Alipandisha barakoa, akaruka kutoka kitini, akapita mbali nami akikwaruza ukuta, na nikamsikia ukumbini, viatu vipya vikipigapiga, sauti ikipaa hadi dirishani: "Karani! Karani! Ongeza mstari! Andika harufu! Kuanzia sasa hivi, kila anayekosa harufu atengwe, asiletwe huku! Amri!" Ukumbi uliokuwa hatua mia mbili ukakunjika, nikasikia kila neno kana kwamba dirisha liko begani mwangu.

Kazi ilikwisha kabla pamba haijakauka. Naiandika sentensi hii kwa ghadhabu kubwa kuliko zote: Kolimba alikufa, neno halikuandikwa, mkubwa mmoja aliogopa, likaandikwa. Kama kuna mtu ataleta shukrani hapa, aje nayo nimwonyeshe pa kuiweka.

Niliingia kibandani mwenyewe, nikafunga mlango, ili nisimpumulie yule bibi wa benchi. Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la Afisa. Sufi ilimeza kila kitu isipokuwa ule mlio wangu. Nikavaa hedifoni, kwa mazoea. Nilikuwa naogopa. Sioni haya kusema: niliogopa kama mtoto.

Mwanga ukabadilika upande wa pili wa kioo. Alikuwa Staamili, miwani yake na uzi wake, barakoa mbili usoni. Alipapasa mashine, akapata maikrofoni. Mezani aliikuta fomu ya Ofisi Kuu, ile yenye neno lililokwishaandikwa, akaisoma kimyakimya hadi ule mstari wa sisimizi, akachukua kalamu akaukata mstari mara moja, kwa nguvu, karatasi ikachanika kidogo.

"Na yule bibi?" nikauliza.

"Nimemtuma hospitali ya upande wa pili wa mji, na barua yangu ya mkono. Mistari mitano." Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alirudi nyuma hadi dirisha la mbali, akalifungua, akashusha barakoa zote mbili, ili nimwone midomo, kana kwamba mimi ndiye kiziwi. Akauliza polepole, bila kuangalia fomu.

"Dada Sikudhani. Unajisikiaje?"

Jina langu. Si Kolimba. Kitufe kilikuwa mkononi na kidole changu kilikuwa kimeshaanza kukaza, kwa mazoea ya watu wa kazi yangu, ambao wakisikia hubonyeza, wala hawaulizwi wamesikia nini. Nikakiweka chini.

"Najisikia vibaya, Staamili," nilisema. "Andika maneno yote mawili."